Tiketi ya Fundi

Asubuhi niliikaza piano yenyewe,
waya kwa waya, vibao themanini na vinane,
uma wa sauti umebanwa kwa meno, fuvu lote likivuma.
Baridi ya Julai ilikuwa imeilegeza.
Kibao kimoja karibu na katikati kilinigomea
kama mtoto asiyetaka kunyolewa.
Nikakibembeleza hadi saa sita.

Jioni nikarudi Westlands na koti la harusi ya mdogo wangu
na tiketi ya elfu tatu, pesa zangu.
Kijana wa mlangoni, Mutisya, mweusi kunishinda,
hakutazama tiketi. Alitazama mikono.
"Fundi, mlango wa nyuma. Kuna waya umekatika?"
Nikasema hakuna waya uliokatika.
Akaigeuza tiketi pande zote mbili
kama noti aliyopewa gizani.

Safu ya F, kiti cha kumi na tisa.
Mbele yangu weupe mtupu,
na sisi humo kama vibao vyeusi:
wembamba, wawili wawili, watatu watatu,
kila mmoja ameinuliwa kidogo ili aonekane.

Bibi mwenye shanga za kaharabu aliniinamia
kwa Kiswahili cha miaka mingi ya Karen:
"Vizuri sana umekuja! Lakini leo hakuna ngoma, unajua?"
Najua, mama.
"Na hutachoka?"

Ningemwambia nini? Kuhusu kinanda cha misheni kule Butere,
mivukuto yake iliyovuja,
baba akiiziba kwa viraka vya baiskeli?
Kwamba hapo ndipo nilipojifunza
kuwa sauti mbili zikikaribiana bila kukutana
hupigana, zikatoa wimbi, wu, wu, wu,
na ufundi ni kulisikiliza wimbi hilo?
Halimaliziki. Ukilifuta hapa linazuka kule.
Unaligawa tu, kila uzi ubebe kidogo.

Taa zikazimwa.
Mpigaji alikuja polepole hadi kwenye kibao changu, kile kikaidi,
akakigusa kwa kidole cha mwisho,
nacho kikalia safi kama maji ya mtungi.
Nikafumba macho.
Bibi akanigusa kiwiko: "Umelala?"

Ningekomea hapo, nitoke mshindi.
Lakini kuna Jumamosi ile ya Ngara.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la betri,
wazee wanne wakipiga benga,
besi imefungwa kwa selotepu.
Akaingia Kalasinga, kilemba cha samawati, shati limepigwa pasi,
akaomba nafasi mezani petu.
Nami, kwa kinywa hikihiki kilichoshika uma,
nikamwuliza: "Mzee, umepotea njia?
Mambo ya Kihindi hapa hakuna."
Meza nzima ikacheka. Mimi niliwapita wote.

Hakujibu. Gitaa likaanza kupanda,
na kidole chake cha shahada kikagonga chupa
kabla halijakata kona. Kabla, si baada.
Kona ya pili, vilevile. Ya tatu.
Kisha akaninong'oneza, macho yakiwa jukwaani:
"Lile la pili limeshuka. Uzi wa tatu."

Limeshuka kweli.
Miaka ishirini na sita ninalipwa kwa masikio haya
na sikulisikia. Nilikuwa nacheka.

Anaitwa Bhogal. Mtaa huohuo, miaka arobaini,
alitengeneza gramafoni za watu,
akizijaribu kwa santuri walizomletea
hadi akazijua mikwaruzo yake.
Haya alinieleza baadaye, kwa ufupi,
kama mtu anayetaja nambari ya kitambulisho
kwa askari wa tatu siku hiyo.

Sikumwomba radhi. Nilimnunulia soda ya tangawizi.
Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru,
akaiweka kando ya ile aliyokuwa amenunuliwa na meza ya jirani.